Kifuniko cha Sufuria

Nilikipaka rangi robo kwa robo, nyeupe na nyeusi,
kifuniko cha sufuria iliyotoboka,
nikakitoboa katikati kwa msumari, nikapitisha kamba
yenye fundo kila shibiri.
Jumamosi ya kwanza ya Februari, jua utosini,
nikakishusha timboni.
Shibiri moja. Hata haikutimia.
Kikamezwa na kijani.

Hapa Njiru wanaliita dimbwi. Mimi naliita timbo
kwa kuwa nililichimba:
miaka kumi na minne ya nyundo na patasi,
mpaka chemchemi ilipofumka chini ya miguu yetu
na Gathogo akaondoa mashine zake,
akatuachia shimo.

Mwani ulikuja baadaye,
kwanza kama unga uliomwagika, kisha utando, kisha blanketi.
Asubuhi za joto ulinuka
kama nguo ya mtoto iliyosahauliwa ndooni.
Perege walipanda juu kuhema, midomo wazi,
kama watu wenye swali.

Mulwa wa duka la pembejeo akasema: mrututu.
Kilo mbili, yeyusha, nyunyiza, kesho utajiona uso.
Akanionyesha chembe zake, buluu
ambayo mbingu ya Nairobi haina mwezi wa Julai.
Nikamuuliza: na mwani ukifa, unazikwa wapi?
Akacheka.
Humohumo, nilijijibu njiani.
Unaoza, unakula pumzi ya maji, samaki wanafuata,
na uozo unalea mwani mwingine.

Basi nikaacha kuyatazama maji, nikatazama yanakotoka.
Mvua ikinyesha nilisimama na mwavuli uliovunjika mbavu,
nikifuata vijito:
huu, povu la Kwamboka anayefua nguo za watu;
huu, samadi ya ng'ombe wawili wa Mbithe;
huu, nisikatae, kinyesi cha bata wangu mwenyewe.
Hapakuwa na mwovu.
Kila mtu alikuwa ameleta kijiko chake tu.

Tulichimba mfereji. Kwamboka akahamisha karai
baada ya wiki mbili za kuninunia.
Bata nikawauza, isipokuwa mmoja aliyekataa kukamatika.
Nikafunga pamoja mitungi ishirini ya mafuta ya kupikia,
ikaelea, na juu yake matete na mafunjo,
mizizi ikining'inia majini kama ndevu,
ikinyonya kile mwani uliokuwa ukila.
Mabua ya ngano nikayatia kwenye nyavu za vitunguu, nikayazamisha.
Mwani mrefu niliuvua kwa reki, nikaupa sukuma wiki.

Aprili: shibiri mbili. Juni: nne.
Agosti: tatu, kwa maana kuna wiki maji hurudi nyuma
bila kukuambia sababu.
Novemba, mvua, matope: sifuri.
Siku hiyo nililala na viatu.

Februari tena. Fundo la tisa, na kifuniko bado kinang'aa.
Nikauona ukuta. Nikaona alama za patasi
zilizoinama upande mmoja,
na pale hakuna aliyepiga kwa mkono wa kushoto
ila mimi.

Bado nilikuwa nimeinama niliposikia sauti,
mvulana wa Kwamboka, shati tayari mkononi.
"Hapa si kirefu," akasema. "Naona chini."

Alichokiona ni kidato cha mwamba
tulichokuwa tukisimamia.
Kijani kilikuwa ua wangu na sikujua;
miaka yote hakuna mtoto aliyetia hata kidole.

Nikampa kamba ashushe mwenyewe, nyuma ya kidato.
Alihesabu kwa sauti. Saba, nane.
Kumi, kifuniko kikawa kama sarafu.
Kumi na mbili, hakuna kitu.
Kumi na tano, akachuchumaa.
Ishirini na tatu, kamba ikaisha
na mkono wake ulikuwa bado unavutwa.

Akavaa shati, kifungo kwa kifungo.

Jumatatu nitakwenda kwa Mulwa, si kwa mrututu.
Seng'enge, mita themanini,
akikubali nilipe polepole.